Samaki wa Kumi Kaja Nyumbani

Mtu akizoeleka kurudi mikono mitupu, siku akirudi na mzigo nyumba nzima hushtuka. Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi hiyo. Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha Mama Pacha, upande mmoja umeshalala misuko imenyooka, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona simba, mara akasikia mumewe anaita kutoka getini.

"Mama watoto, njoo unishikie upande mmoja. Taratibu lakini, usitikise."

Aliita kwa kunong'ona, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Msusi akachomeka kitana kwenye nywele za Mama Pacha, akatoka.

Saluni yenyewe ni sebule ya mbele ya nyumba yao: viti vitatu, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na benchi la wanaosubiri zamu. Benchi hilo halijawahi kukosa watu, hata siku ambayo hakuna wa kusukwa. Habari za mtaa hupumzika pale kabla ya kuendelea na safari. Siku hiyo alikuwa amekaa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye huuza samaki sokoni na alikuwa ameuza akamaliza mapema. Kusikia kuna mzigo, wifi naye akainuka.

"Leo ndugu yangu kaleta kitoweo," akasema. "Natia mafuta jikoni."

Hakuwa na makosa kufurahi. Mumewe Msusi anatengeneza meno ya bandia, mtaa unamwita Fundi Meno, na nusu ya wazee wa pale wanacheka kwa kazi ya mikono yake. Lakini kila Jumamosi, kabla jua halijachomoza, alikuwa akienda kuvua, na katika miaka yote hiyo sufuria ya nyumba ile haikuwahi kuonja hata mkia.

Uvuvi wake haukuwa wa nyavu wala wa mnyoo. Alikuwa na fimbo nyembamba inayopinda kama chelewa, na mshipi mzito aliourusha nyuma na mbele hewani mpaka nzi wa bandia aliyefungwa mwishoni atue juu ya maji kama ameshuka mwenyewe. Nzi hao aliwatengeneza meza ileile ya meno, kwa uzi, manyoya ya kuku na mabaki ya wigi aliyookota sakafuni kwa mkewe. Yeye na wenzake wa chama walishindania jambo moja: samaki wa aina kumi, wote wakubwa kupita kipimo cha chama, wote kwa nzi. Kila mmoja apimwe, apigwe picha, arudishwe majini hai. Akifa, hahesabiwi.

Hapo ndipo akili ya Msusi ilipogoma tangu mwanzo. "Unamtafuta siku nzima," alizoea kumwambia, "unampata, unampa mkono, unamwacha aende zake. Huo ni uvuvi au ni utalii?"

Fundi Meno alikuwa na tisa. Alimpata sangara, akampata kambare, akampata kuyu, akampata sato mnene wa kujivunia, akampata hata yule mwenye meno ya nje kama mbwa, ambaye kwa kazi yake alimpenda kuliko wote. Amebaki perege. Perege wadogo wamejaa kila bwawa, lakini mkubwa wa kupita kipimo alikuwa kama deni la mjomba, linasikika tu. Na Fundi Meno alikuwa ametoa ahadi, mbele ya mashahidi wa benchi: "Nikimpata wa kumi, fimbo naipandisha darini. Jumamosi zangu zote ni zako."

Basi Msusi akawa anamwombea perege ambaye hata hamjui kwa sura. Kwa nini asimwombee? Harusi alikwenda peke yake, wagonjwa alikwenda kuwaona peke yake, misibani alikaa peke yake. Watu wakiuliza, "Mwenzio yuko wapi?" akijibu, "Yuko kwa samaki," wanaitikia kwa kile kichwa cha polepole ambacho kila mwanamke anakijua. Mmoja alimshika mkono kwa huruma akamwuliza huyo Samaki anaishi mtaa gani.

Sasa wakalibeba lile boksi la barafu, yeye upande huu na mumewe upande ule, mpaka uani. Ndani yake maji yalikuwa yakichezacheza na kitu kizito kikagonga ukuta wa boksi. Kando ya kifuniko kilitoka kipira chembamba kilichounganishwa na kipampu cha hewa cha betri, kinakoroma.

"Kuna nini humu?" Msusi akauliza.

"Samaki."

"Mzima?"

"Mzima, na abaki hivyohivyo."

Fundi Meno akafungua kifuniko. Wifi akatoka jikoni na kisu, Mama Pacha akatoka saluni na kichwa chake nusu kwa nusu, wakainama wote. Samaki alikuwa mpana kama sinia, mweusimweusi mgongoni, macho yamemtoka, anafungua na kufunga mdomo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

"Ni yeye?" Msusi akauliza. "Wa kumi?"

Fundi Meno akakuna shingo. "Hapo ndipo palipo na shughuli. Sijui."

"Hujui vipi? Si wewe mvuvi?"

"Nilipomtoa majini nikasema perege. Nikageuza mkia, nikasema sato. Nikamwita mwenzangu wa ng'ambo ya bwawa, akasema sato, kisha akasema ngoja, kisha akasema ana kazi nyingine. Nikaona nije naye."

"Umletee nani?" Wifi akauliza. "Tangu lini samaki wenu analetwa nyumbani? Si mnawaaga hukohuko?"

"Nimeona nije naye," Fundi Meno akarudia, akaangalia pembeni.

Jambo hilo lilimchanganya Msusi kuliko samaki mwenyewe. Mumewe alikuwa mtu wa kufuata taratibu mpaka kero. Samaki kwake hakai nje ya maji zaidi ya pumzi moja. Mikono hulowanishwa kwanza kabla ya kumgusa. Leo kamsafirisha kwa gari mpaka uani kwa watu, penye majivu, kuku na wifi mwenye kisu.

"Wifi, wewe ndiye unayewauza," Msusi akasema. "Tuambie. Na kabla hujasema, weka hicho kisu chini, unamtisha shahidi."

Wifi akapiga magoti, akanawa mikono, akaangalia kama anayekagua mkwe. "Perege huyu," akasema. "Tazama huo weusi. Tazama mdomo."

Msusi akahisi mzigo umemshuka mabegani. "Umesikia, Baba? Perege. Mwenye soko kasema."

"Mkia sasa," Fundi Meno akasema kwa upole.

Wifi akatazama mkia. Sato ana mistari mkiani, imesimama kama ya shati la ofisini, perege hana. Huyu alikuwa na mistari nusu ya juu, nusu ya chini hana. Wifi akainama zaidi. Akageuza kichwa. "Basi sato," akasema. "Sokoni hata hatuulizi. Tunapanga kwa ukubwa, mteja anachagua kwa macho."

"Umesema perege sasa hivi tu."

"Nimesema perege nikiwa upande wa kichwa, wifi yangu. Nikifika mkiani ni sato. Nifanyeje, nikae katikati?"

Mama Pacha akacheka. "Huyo baba yake na mama yake wametoka koo mbili. Kwani ajabu? Wanangu mapacha, mmoja ni mimi mtupu, mwingine ni shangazi yao hata ukali."

Na kana kwamba hayo hayatoshi, samaki naye akaanza mambo yake. Walipokuwa wakibishana ule weusi ukamtoka taratibu, kama chai inayoongezwa maziwa, akabaki wa kijivu chenye wekundu kidogo shingoni. Msusi akafumba macho, akafumbua. Aliyekuwa humo hakuwa yule wa mwanzo.

"Kabadilika," akasema.

"Anapoogopa anakuwa mweusi, akitulia anapauka," Fundi Meno akamweleza. "Rangi si ushahidi."

"Rangi si ushahidi, mkia nusu ushahidi, mwenye soko kakiri kisha kakana. Ushahidi ni nini basi?"

"Nimemwita Futi."

Futi ni katibu wa chama cha wavuvi, mpima ardhi mstaafu, mrefu, mwenye suruali yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kuweka. Jina alilipata kwa sababu hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kukisia upana wa mlango. Alifika na ubao wake wa kupimia, akasalimia watu wote kwa mpangilio wa umri, akakosea kwa wifi, wifi akanuna. Kisha akalowanisha mikono, akamlaza samaki kwenye ubao, akasoma, akamrudisha haraka majini.

"Kipimo amepita," akasema. "Kwa sato amepita kidogo. Kwa perege amepita mno. Kwa perege huyu ni mfalme."

"Basi ni mfalme," Msusi akasema. "Tumalize."

"Shemeji, mfalme lazima ajulikane kabila." Futi akachutama. Akatazama kichwani, akasema ahaa. Akatazama mkiani, akasema ala. Akazunguka boksi, akatazama kwa juu, akaendelea kutazama mpaka kipampu ndicho kikawa msemaji. "Mchanganyiko," akasema mwishowe. "Wanazaana hawa siku hizi humo mabwawani. Swali ni amevuta upande gani zaidi. Kuna njia moja tu ya kujua: meno ya kooni. Wana meno ndani ya koo, madogo kama mchanga. Ya sato na ya perege hayafanani."

Wote wakamgeukia Fundi Meno.

"Mambo si hayo," Mama Pacha akasema. "Mwenye meno yupo hapa. Mpige chapa ya meno kwa ule udongo wako wa waridi, kama ulivyompiga babu yangu. Babu alitapika lakini meno yalimkaa."

"Babu yako alikuwa anapumua kwa pua," Fundi Meno akajibu. "Huyu nikimjaza udongo kooni amekwenda. Meno yenyewe yako nyuma kabisa, mpaka umpasue."

"Akipasuliwa anakufa," Msusi akasema.

"Anakufa," Futi akakubali.

"Na akifa hahesabiwi."

"Hahesabiwi."

"Yaani mkitaka kujua kama ni wa kumi, lazima mmuue. Na mkishamuua, hata akiwa wa kumi, si wa kumi."

Futi akafikiri. "Shemeji umeielewa taratibu yetu vizuri kuliko wanachama wengi."

"Sijaielewa hata kidogo, baba. Nimeirudia tu."

Wifi akasema mafuta yamechemka na yeye hapendi kupoteza mafuta, kwa hiyo yeyote mwenye shaka ampe samaki dakika chache, atawaambia kwa ladha. Msusi alikuwa amemshika Futi kwa maneno. Akamwambia mdomo ni wa perege, na mdomo ndio mbele ya mtu, nani hutambuliwa kwa nyuma? Akamwambia nusu ya mkia isiyo na mistari ndiyo ya chini, na cha chini ndio msingi, hata nyumba huanza chini. Akamwambia huyo samaki amenaswa kwa nzi wa wigi la kahawia la mteja wake mwenyewe, kwa hiyo na yeye ana haki ya kusema. Maneno yalimtoka kama mtu anayetetea mwanawe polisi. Futi akawa anatikisa kichwa, mara juu na chini, mara kulia na kushoto, bila kujua mwenyewe anakubali au anakataa.

Fundi Meno alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja kwenye maji ya boksi. Alionekana amechoka. Si uchovu wa siku moja. Msusi alimwona, akanyamaza katikati ya neno.

"Chama kina desturi," Futi akasema, akipangusa mikono. "Samaki akishindikana kutambulika, neno ni la mvuvi mwenyewe. Aseme kwa heshima yake. Akisema wa kumi, tunampigia makofi na hakuna wa kumrudisha nyuma. Haya, Fundi. Sema. Maji yanapata moto, mgeni anachoka."

Msusi akamkazia mumewe macho. Neno moja tu. Perege. Hata kwa kunong'ona.

"Siwezi kusema," Fundi Meno akajibu. "Nimemshika mwenyewe na sijui. Aseme mke wangu."

"Mimi?"

"Wewe. Utakalosema ndilo nitakalolichukua. Ukisema ni wa kumi, nimemaliza. Ukisema sato, basi ni yule niliyenaye tayari, Jumamosi ijayo narudi bwawani."

Futi akafungua mdomo kupinga, akaangalia nyuso zilizokuwa zikimtazama, akaufunga. "Desturi haisemi hapana," akakiri. "Lakini asemee majini, tunapomwachia. Hilo halina mjadala."

Wakamwacha Mama Pacha na kitana chake kichwani, akisema ataenda nacho hivyohivyo hadi kwa mumewe aone ndoa yake ina nguvu kiasi gani. Wifi akagoma kwenda, ana mafuta. Wakaingia garini, Futi mbele na ubao wake, Msusi nyuma na boksi mapajani, maji yakimlowanisha kila kona.

Njiani akaona ajabu ya binadamu. Kile kitu alichokipigania mchana kutwa, alipokabidhiwa mkononi, kikaanza kuteleza. Alipokuwa akibishana na Futi alikuwa na hakika kama ya jina lake. Sasa akichungulia ndani ya boksi, akiuona ule mdomo ukifunguka na kufunga, hakuona perege wala sato. Aliona samaki. Akajiuliza: nikisema wa kumi na si wa kumi, nimemdanganya nani? Futi? Mume? Au hakuna uongo pale ambapo hata ukweli haujijui? Akajiuliza tena: na nikisema sato, nitakuwa nimesema kweli au nitakuwa nimejikomoa tu nionekane mwema? Hakupata jibu. Alipata maji kwenye viatu.

Bwawani hapakuwa na lolote la kuonyesha watu. Ukuta wa udongo, majani yamekatwa vibaya, maji ya rangi ya chai ya rangi, na upande wa pili jamaa anaosha pikipiki. Hapa ndipo zilipokuwa zikija Jumamosi zake zote. Alikuwa amepafikiria pazuri zaidi. Alikuwa amejiandaa kupaonea wivu.

Fundi Meno akavua viatu, akaingia mpaka magotini. "Njoo," akamwambia. "Lowanisha mikono kwanza."

Msusi akafunga kanga juu, akaingia. Mumewe akamwekea samaki mikononi, tumbo juu ya viganja, akamwonyesha amshike akielekea kwenye maji yanayotembea mpaka apate nguvu zake. Alikuwa mzito, baridi, na hai kwa namna ambayo Msusi hakuitarajia, kama kushika mkono wa mtu ndani ya maji. Rangi ikaanza kumrudia. Weusi ukapanda mgongoni, ukasimama katikati, ukashuka tena.

"Shemeji," Futi akaita kutoka ukingoni, simu imeinuliwa tayari kwa picha. "Neno."

Msusi akatazama mdomo. Akatazama mkia. Akamtazama mumewe, akaona namna alivyomtazama yeye na si samaki, mabega yameshuka, kama mtu aliyekaa kwenye benchi la hospitali akisubiri kuitwa jina.

"Wa kumi," akasema.

Samaki akapiga mkia mara moja, akamrushia maji usoni, akaenda na siri yake. Futi akapiga makofi, akiwa na simu mkononi, kwa hiyo picha iliyotoka ni ya mbingu.

Mume na mke wakabaki wamesimama majini.

"Umejuaje?" Fundi Meno akauliza kwa sauti ya chini.

"Sikujua. Wewe ulijua?"

"Mpaka sasa sijui."

"Basi ulimleta nyumbani wa nini? Niambie kweli, maana hilo ndilo linaloniumiza kichwa tangu mchana."

Fundi Meno akachota maji kwa kiganja, akayaacha yamwagike. "Unamjua Bwana Sita?"

"Yule wa duka la vioo? Nilidhani ni namba ya nyumba yake."

"Aliishia samaki wa sita. Miaka kumi na kitu sasa, mpaka wajukuu wake wanamwita Babu Sita. Mimi nilichoka zamani, mama watoto. Mgongo unauma, baridi ya asubuhi inaingia mifupani. Lakini nikawaza, nitaitwa Tisa mpaka kaburini. Leo nilipomtoa huyu, nikasema hapa bwawani hakuna hata mmoja anayetaka awe wa kumi. Nyumbani yupo."

Msusi hakujua acheke au amsukume. Ulichoka zamani? Akazihesabia moyoni zile harusi na ile misiba, akaona hasira inakuja. Ikafika nusu ya njia, ikakuta kitu kingine kimeshakaa kwenye kiti chake, na hicho hakuweza kukipa jina. Huyu mtu alikuwa akingoja kuombwa abaki. Yeye alikuwa akingoja perege. Na perege, kama alikuwa perege, hakujua kuwa anangojwa na yeyote.

"Ungesema," akamwambia.

"Ungesema wewe."

"Mimi nimesema kila Jumamosi."

"Ulikuwa unasema habari za samaki."

Futi alikuwa amekunja suruali, anakuja ukingoni kuwapa mkono. "Hongera sana, Fundi. Kumi si mchezo. Sasa nikwambie, kuna daraja la juu la aina kumi na tano, na kwa umri wako unaliweza. Jumamosi ijayo tunakwenda mtoni, kuna mmoja wa mistari ya dhahabu..."

"Jumamosi ijayo siwezi, Katibu," Fundi Meno akasema. "Nina safari na mke wangu."

"Safari ya wapi?"

Fundi Meno akamgeukia mkewe. Mkewe akamgeukia yeye. Safari yenyewe ndiyo kwanza aisikie, na Jumamosi ana vichwa vinne vya bibi harusi na wapambe wake.

"Mbali," Msusi akasema, akafinya maji kwenye pindo la kanga. "Tukijua tutakwambia."